Nguchiro Mwenye Redio Shingoni

Sungura wale hawakuja Mbagala kwa miguu yao. Waliletwa na lori mwaka wa sabini na moja, ndani ya matenga, pamoja na bwana mmoja wa mifugo aliyetusimamisha juani wanawake wote wa shamba la ujamaa akatueleza jinsi nyama yao itakavyowanenepesha watoto wetu. Tuliwajengea mabanda ya fito, tukawakatia majani asubuhi na jioni. Masika ya mwaka uliofuata yakabomoa mabanda yote kwa mvua moja, na tulipokwenda kutazama, sungura walikuwa wameshavuka mfereji na kuhamia kwenye ukingo wa bonde linaloteremka kuelekea Mto Kizinga. Mchanga wa pale ni laini. Sungura wetu wa porini hulala kwenye nyasi, lakini hawa wa kuletwa walichimba, wakazaana, wakachimba tena, hata ukingo mzima ukawa na matundu kama chujio la nazi.

Kufika mwaka wa sabini na nne, ule mwaka wa njaa tuliokula unga wa yanga, wa mahindi ya njano ya msaada, sungura walikuwa wengi kuliko sisi. Mie nilikuwa katibu wa shamba. Tulikuwa wanawake thelathini na wawili, na tulichopanda kilikuwa mihogo na kunde. Mihogo ina subira. Kunde hazina. Asubuhi unakuta tuta zima limebaki vijiti, na vinyesi vya sungura vimetapakaa kama pilipili manga. Tulijaribu mitego, tukanasa kuku wa jirani. Tulijaribu mbwa, wakabweka mdomoni mwa shimo mpaka wakachoka. Tulijaribu moshi wa pilipili, tukakohoa wenyewe.

Ndipo nikaenda kwa mjomba wangu Mwishehe.

Mjomba Mwishehe alikuwa Mzaramo wa Mbagala tangu Mbagala ikiwa mikorosho mitupu. Umri wake ulikuwa umepita hamsini, mrefu, mwembamba, na alikuwa na kazi ambayo alikuwa amebaki nayo peke yake upande ule wote: aliwinda kwa nguchiro. Baba yake alikuwa akiwatoa panya buku mashimoni kwa nguchiro aliyemfuga tangu akiwa kitoto kisichofungua macho, na mjomba akarithi ujuzi huo. Unatega nyavu ndogo kwenye kila tundu unaloliona, unamwingiza nguchiro katika moja, unakaa kimya. Kilichomo ndani kinamsikia, kinatoka mbio, kinajifunga wavuni. Wewe unakishika kikiwa hai, unasoma bismillahi, unachinja. Kwa mjomba hilo la kuchinja halikuwa jambo dogo. Mnyama aliyeuawa na nguchiro chini ya ardhi alikuwa nyamafu, na alimtupa.

Alianza na nguchiro jike aliyemwita Kibibi. Wiki ya kwanza tulipata sungura kumi na tisa. Wiki ya pili Kibibi aliingia shimoni hakutoka.

Hiyo ndiyo kasoro ya nguchiro, mjomba alinieleza. Akimkamata sungura kwenye kona humo ndani, anamuua, anakula, analala pale pale juu ya shibe yake. Wakati mwingine anatoka baada ya saa moja. Wakati mwingine mchanga unaporomoka nyuma yake, na huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Tulingoja mpaka alasiri. Mjomba akachukua jembe. Alichimba siku ile na siku iliyofuata, akifuata shimo lilikopinda, nalo likigawanyika mara tatu, mara nne. Siku ya tatu akampata. Alikuwa amekufa kwa kukosa hewa, mkono mmoja tu pembeni ya handaki la kwanza alilochimba. Angechimba kushoto badala ya kulia, angemkuta hai.

Mjomba alimfunga Kibibi ndani ya kipande cha kanga, akamzika nyuma ya nyumba, akakunja nyavu zake.

"Amebaki Sindano," aliniambia siku chache baadaye nilipokwenda kumbembeleza. Sindano alikuwa mwana wa Kibibi, dume wa mwaka mmoja aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna tundu lililomshinda. "Huyu simwingizi mle. Nyie pandeni kitu kingine."

Hatukuwa na kitu kingine cha kupanda.

Mwezi ule redio ya shamba iliharibika, ile tuliyokuwa tukisikilizia vipindi vya kilimo, nikatumwa Temeke kuitengeneza. Niliambiwa nimtafute fundi aitwaye Rosalia. Nilidhani nimesikia vibaya, lakini kibarazani pa nyumba ya udongo karibu na soko nilimkuta mwanamke wa makamo yangu, mweusi, mtulivu, ana chale za Kimakonde mashavuni, amekaa kwenye kigoda mbele ya kreti la soda lililogeuzwa meza. Alikuwa na jiko la mkaa pembeni, na ndani yake vyuma viwili vyembamba vinapata moto. Kimoja kikipoa anakirudisha, anachukua cha pili. Nyumba ile haikuwa na umeme. Alifungua redio yetu, akanusa ndani kama mtu anayenusa chungu cha mchuzi, akasema, "Hiki hapa kimeungua," naye alikuwa hajagusa kitu bado.

Rosalia alitoka Masasi. Alikuwa amefanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha kuunganisha redio, kazi yake ikiwa kuchomea waya zile zile nne kwenye kila redio iliyopita mbele yake. Wenzake walichomea waya nne wakaenda nyumbani. Yeye alichomea waya nne huku akiwatazama wa kulia na wa kushoto wanachomea nini, mpaka baada ya mwaka akaijua redio nzima. Alipojifungua na kazi ikaisha, akaja na ujuzi wake Temeke.

Wakati anatengeneza, mie nilizungumza. Nilimweleza kuhusu sungura, Kibibi, na mjomba aliyechimba upande usiokuwa wenyewe. Nilitegemea acheke. Watu wengi wa mjini walicheka wakisikia habari za nguchiro. Rosalia aliweka chuma chake chini.

"Shimo lina kina gani?"

"Mikono miwili, mitatu. Kwingine minne."

"Na mnyama mwenyewe ana uzito gani? Anaweza kubeba jiwe dogo, betri ile ya tochi ya kalamu?"

Nilimwambia anaburuta sungura mzima, jiwe la tochi litamshinda vipi. Akachukua redio yetu, akanionyesha kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba ndani yake.

"Hili ndilo sikio lake," alisema. "Umewahi kuona redio ukiigeuza upande huu inasema, ukiigeuza upande ule inafifia? Kijiti hiki kikimwelekea msemaji kwa ubavu, kinasikia. Kikimwelekea kwa ncha, kinakuwa kiziwi. Sasa, dada Mwajabu, tukimvalisha nguchiro kitu kidogo kinacholia, redio itatuambia aliko."

Redio ikazungumza vizuri. Lakini aliniomba niiache kwake, na Jumamosi ya pili yake atakuja nayo Mbagala mwenyewe.

Alikuja na kitu kilichotoshea kiganjani. Kilikuwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushiwa waya wa shaba ndani yake, una transista moja iliyotolewa kwenye redio mbovu, na jiwe la tochi ya kalamu limefungwa kwa kitambaa kilicholoweshwa nta ili maji yasiingie. Alipounganisha waya mbili za mwisho na kuifungua redio ya shamba mahali pasipo na kituo, tukasikia: ti, ti, ti, ti. Akina mama wakasogea.

Mjomba Mwishehe hakusogea. Rosalia akamwendea, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali?"

"Temeke tu."

"Na asili?"

"Masasi."

"Kuna watu wazuri kule," mjomba alisema. "Lakini mnyama wangu si redio."

Rosalia hakubishana. Alimpa ule ukanda, akamwomba aufukie popote apendapo katika shamba, akageuka akatazama barabara ya Kilwa. Mjomba aliufukia chini ya tuta la mihogo. Rosalia akazunguka na redio kifuani, akiigeuza polepole, sauti ikipanda na kufifia, kisha akasimama. Palikuwa penyewe. Mjomba akaufukia tena, mbali zaidi, kwa kina cha mkono mzima. Rosalia akaupata tena, na akataja kina. Nilimuuliza alijuaje. Akanionyesha kwamba kwenye kile kinundu cha kuongezea sauti alikuwa amechora vistari kwa ncha ya sindano. Siku tatu nzima nyuma ya nyumba yake alikuwa amechimba mashimo ya mkono mmoja, miwili, mitatu, minne, akafukia ukanda, akapunguza sauti mpaka iishe, akaweka kistari.

Mara ya tatu mjomba alikwenda nyuma ya kichuguu, akakaa huko kitambo, akarudi anapangusa mchanga mikononi. Rosalia akatembea. Alikwenda mpaka kichuguuni, akarudi. Alikwenda upande wa mfereji, akarudi. Akina mama wakaanza kunong'ona. Yeye aliendelea kugeuza redio, anahesabu hatua, mpaka akaja akasimama mbele ya mjomba kabisa, uso kwa uso.

"Baba," alisema kwa adabu, "naomba unitolee mfukoni."

Mjomba aliutoa ukanda katika mfuko wa koti. Alijaribu kuuzuia uso wake, ukamshinda, akacheka mpaka akashika magoti. Tangu Kibibi afe sikuwa nimemwona akicheka.

Lakini kucheka hakukuwa kukubali. Alikaa chini na ule ukanda, akauvuta, akaugeuzageuza, na alipozungumza alizungumza kama fundi anavyozungumza na fundi. "Mle ndani kuna mizizi ya mikorosho. Mnyama akipita kwa nguvu, huu utanaswa kwenye mzizi, utamnyonga. Utakuwa umeniambia mahali alipofia."

Rosalia alitazama ukanda muda mrefu. Nadhani jambo lile halikuwa limempitia akilini, na nilimpenda kwa sababu hakujifanya kwamba lilimpitia. "Kweli," alisema. Akaomba wembe, akakata mpira sehemu moja, akaushona upya kwa uzi wa pamba, nyuzi mbili tu. Ukivutwa taratibu unashika. Ukivutwa kwa nguvu unakatika. Mjomba aliukata mara tano kwa vidole vyake, na mara tano ukashonwa, mpaka akaridhika na idadi ya nyuzi. Kisha akasema Sindano hatavaa kitu chenye harufu ya mpira na moto. Aliuchukua akaulaza siku nne katika nyasi anamolala Sindano.

Jumatano iliyofuata tukaenda ukingoni. Nyavu zilikuwa arobaini na tatu, na kila mmoja wetu alikuwa na tundu la kulinda. Mjomba alimtoa Sindano kapuni, akamvalisha ukanda, akamnong'oneza maneno yake, akamwachia. Mkia ukapotea ndani ya mchanga. Rosalia alikuwa amekaa juu ya ukingo, redio magotini, sauti chini. Ti, ti, ti. Alinyoosha kidole polepole, na kidole kikatembea hewani, nasi tukajua Sindano anapita wapi chini ya miguu yetu. Mambo kama hayo nilikuwa sijawahi kuyaona. Rosalia, kama anayemwona mnyama asiyeonekana, akasema kwa sauti ndogo, "Mama Mwamvita, anakuja kwako," na papo hapo wavu wa Mama Mwamvita ukaruka na sungura wawili ndani.

Kabla ya saa sita mchana tulikuwa na sungura ishirini na sita. Mjomba alichinja mpaka mkono ukachoka.

Ndipo Sindano akasimama. Redio ililia, lakini kidole cha Rosalia hakikutembea tena. Tulingoja. Mjomba aligonga ardhi kwa kisigino kama anavyomwita, akaweka utumbo wa sungura mdomoni mwa tundu. Hakuna kilichotoka. Jasho lilikuwa linamtoka, na halikuwa la jua.

"Ameingilia hapa," alisema, "na shimo hili linapinda kushoto. Wanyama wote hukimbilia kushoto, kwenye mzizi mkubwa. Tuchimbe kushoto." Akina mama wakashika majembe. Wote tulimwamini, alikuwa ameyajua mashimo kabla hatujazaliwa.

Rosalia hakusema "hapana". Alisimama mahali alipokuwa, akaigeuza redio mpaka sauti ikafa kabisa, akaomba watu wawili wavute kamba kufuata ncha ya redio inakoelekea, wakapigilia vigingi. Kisha akatembea hatua thelathini pembeni, akafanya vivyo hivyo, kamba ya pili ikavutwa. Kamba zilikutana upande wa kulia, katikati ya njia yetu ya kwenda mtoni, mahali ambapo hakukuwa na tundu hata moja.

"Pale hapana shimo," alisema mwanamke mmoja. "Tunapita pale kila siku na ndoo."

"Yupo pale, mikono mitatu na zaidi kidogo," Rosalia alisema. Halafu akaongeza, na sauti yake ilibadilika, "Na jiwe linaisha. Sikilizeni."

Kweli, ule mlio ulikuwa umepungua. Sote tukamtazama mjomba. Mkono wake ulikuwa juu ya jembe, na macho yake yalikuwa upande wa kushoto, kwenye ukingo ule ule aliowahi kuuchimba siku tatu. Najua alikuwa anafikiri nini. Alikuwa amebakiwa na mnyama mmoja na jua la nusu siku.

Rosalia akamsogelea, akamwekea redio sikioni. "Usisikilize ukubwa wa sauti, baba. Sikiliza inavyopanda na kushuka."

Mjomba akafumba macho. Mie nilikuwa karibu, nikasikia pia. Mlio ulikuwa unavimba kidogo, unasinyaa kidogo, unavimba, unasinyaa, taratibu, kwa mpangilio.

"Anahema," mjomba alisema.

"Anahema," Rosalia akasema.

Mjomba alivuka akaenda kulia, akasimama kamba zinapokutana, akapiga jembe la kwanza yeye mwenyewe. Tulichimba kwa zamu, wanne wanne, wengine wakitupa mchanga kwa masufuria. Rosalia alilala kifudifudi ukingoni mwa handaki, akitusogeza: kidogo huku, kidogo kule. Mkono wa pili ulipokwisha, redio ilinyamaza. Jiwe lilikuwa limekufa. Hakuna aliyesimama. Mjomba aliacha jembe, akaanza kuchimba kwa viganja, na mie nikaingia naye kwa sababu nilikuwa mwembamba. Mchanga ukafunguka chini ya vidole vyangu. Niliingiza mkono ndani ya uwazi mdogo wenye joto, nikagusa manyoya ya sungura, yaliyopoa. Nikapeleka mkono mbele, na kitu kikaning'ata kidole mpaka mfupani.

Nilipiga kelele, lakini zilikuwa za furaha. Mjomba alimvuta Sindano nje. Alikuwa amejaa mchanga puani, anapiga chafya, macho yamemwiva, na nyuma ya mahali alipokuwa njia yote ilikuwa imefukiwa. Angekaa saa moja nyingine asingetoka mzima. Mjomba alimtia ndani ya koti, akafunga vifungo, akakaa chini pale pale kwenye lundo la mchanga. Machozi yalimtoka mbele ya wanawake thelathini na wawili, na hakuyapangusa.

Baadaye aliinuka, akamwendea Rosalia aliyekuwa bado anakung'uta gauni. "Mwanangu," alisema, "mie nimeisoma ardhi hii miaka arobaini. Leo umeisoma kunishinda."

"Nisingejua mizizi, baba," Rosalia alisema. "Ule uzi ni wako."

Tuliwinda hivyo wiki sita. Walipobaki sungura wachache wa kuhesabika, mjomba alisema inatosha, ukingo nao upumzike. Kunde zetu zikakua mpaka zikatoa maua, na mwaka ule hakuna mwanamke wa shamba lile aliyelala bila kuwapa watoto wake chakula. Wakubwa wa kata walikuja kuitazama ile mashine, wakashangaa kwamba ilikuwa tyubu ya baiskeli na waya, wakamuuliza Rosalia alisomea nchi gani. Alijibu kwamba alisomea kwenye benchi, kati ya mtu wa kulia na wa kushoto.

Walipoanzisha darasa la ufundi kwenye elimu ya watu wazima pale Temeke, walimwita yeye afundishe. Tulijiandikisha kumi na moja. Mjomba Mwishehe alikuwa mmoja wetu, na hakukosa hata siku moja, ingawa risasi ya kuchomea waya ilimdondokea kila mahali. Aliacha baada ya kujua kutengeneza ukanda peke yake. Hakutaka kujua zaidi. Mie niliendelea. Redio ya kwanza niliyoitengeneza bila msaada ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Kurasini. Ilizungumza siku mbili ikazima. Mwalimu aliirudisha kwa hasira, nami nikaipeleka kwa Rosalia nikiwa nimeinamisha kichwa. Aliifungua, akanusa, akaichunguza waya baada ya waya, wala hakutengeneza kitu. Kisha akaiweka mbele yangu, akatoa chuma jikoni kikiwa chekundu, akanikabidhi mimi.